Kisanduku, Mama Mkwe na Jicho la Kushoto

Jumatatu, 6 Oktoba

Mama mkwe amefika. Mwalimu Truphena, mwalimu mkuu mstaafu, kutoka Butere. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia limefunga kabisa. La kushoto linapasuliwa Alhamisi ya wiki ijayo. Daktari amemwonya mke wangu Philister kwamba likicheleweshwa, litaharibika moja kwa moja.

Namwombea heri. Kwa dhati. Lakini kuna tatizo. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali meza moja, hawalali nyumba moja. Basi analala kwa jirani yetu Shiru, mlango wa tatu. Ila tangu asubuhi hadi saa tatu usiku yuko sebuleni kwangu. Kwenye kochi langu. Mbele ya televisheni yangu, yenye kisanduku changu kipya!

Kisanduku nilikinunua Ngara, kwa Ndungu, wiki tatu zilizopita. Kinavuta mechi na filamu kutoka mtandaoni. Kwenye ukurasa wa duka niliandika maoni ya nyota tano, kwa jina la Mmiliki Mwerevu. Ndungu alisema hajawahi kupata maoni mazuri kama hayo. Maoni yote yalikuwa matatu. Mawili ni ya shemeji zake.

Leo nimetoka kazini nikaingia kwangu nimejifunika gazeti usoni. Philister akatangaza kwamba napita. Mama mkwe akageukia ukuta. Nikajigonga kwenye meza. Nimekula chumbani, sahani magotini, katika nyumba ninayolipia kodi mwenyewe.

Jumanne, 7 Oktoba

Mahubiri jioni nzima, sauti juu. Philister anasema mama yake hukaa karibu na kioo hadi pua inakaribia kukigusa. Mechi imenipita.

Lakini nimevumbua jambo! Simu yangu yaweza kuwa rimoti. Nikiwa chumbani, mlango umefungwa, nabonyeza na kisanduku kinatii. Mpango: nibadilishe mahubiri yawe mpira mpaka achoke, aende kwa Shiru mapema. Hakuna atakayeumia. Mimi si mtu mbaya, ni mtu asiye na kochi.

Jumatano, 8 Oktoba

Saa moja na nusu. Mchungaji katikati ya kutoa pepo. Nikabonyeza. Mpira! Philister akarudisha mahubiri. Nikabonyeza tena. Mara saba.

Mama mkwe hakuchoka. Alisimama akaanza kukikemea kisanduku kwa jina la Yesu. Philister akaja mlangoni kuniomba nijiunge nao katika maombi, nikiwa humohumo chumbani. Ningekataaje? Nikaomba pepo litoke. Niliomba vizuri hata nikajishangaa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ndungu amenipigia simu kazini, hapa Moi Avenue, sauti imepanda. Kuna maoni mapya kwenye ukurasa. Nyota moja! Nimeyanakili:

"Kisanduku hiki hugeuza mahubiri kuwa mpira bila kuguswa. Ama kina pepo, ama nyumba ina mkwe. Mwalimu Mstaafu, Mountain View."

Kumbe ni mama mkwe! Anamtamkia Philister, Philister anaandika. Ndungu akaniomba, kama mteja wake mwenye kalamu, nimjibu mtu huyo kabla hajamfukuzia wateja. Nikajibu kama Mmiliki Mwerevu kwamba kasoro si ya kisanduku bali ya mtumiaji, na kwamba watu wa rika fulani waachane na mambo ya mtandao.

Jibu limekuja kabla ya chakula cha mchana. Kwamba miaka thelathini na minne amefundisha wanafunzi wenye majibu kama yangu, na wote aliwaambia wakae chini.

Akae chini nani? Sina pa kukaa! Kochi analo yeye.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mechi kubwa. Nimeisikia kupitia kwa kuta za majirani. Watu wa ghorofa nzima wamepiga kelele mara tatu na sijui ni nani aliyefunga. Sebuleni kwangu, kwaya.

Hasira ni hasara, wanasema. Nilikuwa nayo nikaitumia. Nimeandika kwenye ukurasa, kwa jina la Mmiliki Mwerevu: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama, rudi kijijini ununue redio. Televisheni ni ya wenye macho."

Nimeisoma mara nne. Imekaa sawasawa. Nimelala kwa amani.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeamka na nyumba kimya. Televisheni imezimwa. Begi la mama mkwe liko karibu na mlango, limefungwa zipu.

Philister ameniambia akilia. Mama yake anarudi Butere Jumanne kwa basi la asubuhi. Hospitali hataki. Anasema kuna mtu amemwambia ukweli: asiye na macho anatafuta nini mbele ya televisheni za watu, katika mji wa watu? Jicho likienda na liende. Philister akaniuliza ni binadamu wa aina gani anayeweza kuandika neno kama lile. Nikasema watu wa mtandaoni hawana haya. Nilisema hivyo nikimwangalia machoni.

Jioni mama mkwe hakuja, alibaki kwa Shiru. Sebule yangu yote. Nikakaa kwenye kochi, nikaweka miguu juu ya meza, nikafungua mechi ya marudio. Kwenye kioo kulikuwa na doa dogo la mafuta, kimo cha uso wa mtu aliyeketi. Nilijua ni la pua yake. Sikulifuta. Mpira umekwisha na sikumbuki matokeo.

Nimejisikia vibaya. Niandike hivyohivyo, maana hapa sina wa kumdanganya. Nilitaka kochi. Sikutaka jicho la mtu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini, nikasingizia tumbo. Siku moja tu ya kutengeneza mambo. Nimefikiria kulificha begi. Nimefikiria kupiga simu nijifanye daktari. Nimefikiria kumlipa kondakta aseme basi limejaa. Mwishowe nikaenda nje, kwenye kamba za nguo, nikamwambia Shiru kila kitu na kumwomba anisemee.

Shiru aliacha kuanika. "Si uende tu umwambie sorry? Kwani ni simba?"

Nikamweleza mila zetu, polepole, maana yeye ni wa Kiambu. Kwamba siwezi kusimama mbele ya mama mkwe nikamwangalia nikasema naye. Ni mwiko mkubwa.

"Na kumtusi online, mila imekubali?"

Alinipa kikapu cha vibanio nikamshikia, akaendelea kuanika.

Nikarudi chumbani. Nimeandika kwa saa mbili maneno haya, bila nyota hata moja, kwa jina langu:

"Mimi ni Zedekiah Wesonga, mwenye kisanduku. Pepo ni mimi. Nilikuwa chumbani na simu. Mmiliki Mwerevu ni mimi pia. Mama, nilitaka kutazama mpira, nikasema neno la kukata maini. Jicho likiharibika, hakuna duka Ngara linaloliuza. Tafadhali ubaki mpaka Alhamisi. Kisanduku ni chako."

Nikatuma. Nikazima taa mchana kweupe na kukaa kitandani.

Saa kumi nikawasikia wameingia sebuleni. Philister alikuwa akimsomea. Sauti yake ilikatika aliposoma jina langu. Kisha simu yangu ikalia. Jibu kwenye ukurasa:

"Nilijua tangu jibu la kwanza. Mtu baki hawezi kunifungisha mzigo. Ni wa nyumbani tu anayeweza. Nitabaki."

Nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma lile la jembe. Philister amefungua mlango, akasimama. Akasema mama yake ameridhika. Akasema yeye bado hajaanza kusema. Ameanza baada ya chakula, na haki ilikuwa yake.

Ndungu naye amepiga simu. Anataka nifute yote, wateja wanauliza kama kisanduku kinakuja na mkwe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Jicho limepasuliwa. Nilikaa hospitalini tangu asubuhi, benchi la nyuma ya kona, na gazeti langu. Daktari amesema kazi imeenda vizuri. Nilimshika mkono muda mrefu mpaka akauomba.

Jioni mama mkwe yuko kwenye kochi. La kushoto limefunikwa kwa bandeji, la kulia ni lilelile. Philister ametoka kutafuta dawa ya matone. Mimi chumbani, kama kawaida. Nikasikia sauti.

"Baba Anita. Njoo ukae. Leo sikuoni, kwa hivyo mila haina neno."

Miaka kumi na saba ya ndoa, na ndiyo mara ya kwanza ananiita, tena kwa jina la binti yetu aliye shule ya bweni. Nilitoka na gazeti usoni, kwa mazoea, kisha nikaliweka chini. Nikakaa ncha ya pili ya kochi. Ni mwanamke mdogo kuliko nilivyodhani. Kumbe nilichokuwa nikiogopa ni kitambaa cha kichwa na mgongo tu.

Akaniomba nimsimulie picha. Mchungaji amevaa nini? Nikasema suti ya kijani. Waimbaji ni wangapi? Kumi na wawili, mmoja anasinzia. Akacheka. Akaniambia kwamba tangu mwaka juzi haoni chochote kwenye televisheni ila rangi zinazotembea, na hakumwambia Philister ili asimtie hofu. Alikuwa akisogea karibu na kioo apate angalau rangi. Nilimsimulia kwa bidii baada ya hapo. Hadi vifungo vya suti.

Saa mbili kasorobo mechi ikaanza.

Sijui ni nini kilichoniingia. Nikaweka mahubiri kwenye simu, sauti tu, nikaiegemeza pale kwenye televisheni. Kwenye kioo nikaweka mpira, bila sauti. Nikaendelea kusimulia. Hakuna aliyedhulumiwa! Dakika ishirini mambo yalikuwa safi. Kisha mchungaji wangu akaanza kukimbia sana upande wa kushoto. Mama mkwe akauliza anakimbia na nani. Nikasema na mashemasi. Kisha mshambulizi wetu akabaki na kipa peke yake, akapiga nje, nikajipiga paja na kulia kwamba ilikuwa wazi.

Mchungaji kwenye simu alikuwa kwenye Waebrania.

"Baba Anita, ni ngapi kwa ngapi?"

"Moja bila, Mama. Wametufunga."

"Basi zima huyo mchungaji. Ananichanganya."

Nikamzima. Tumetazama mpaka mwisho, yeye akiuliza, mimi nikieleza. Tumefungwa mbili. Alisikitika kuliko mimi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Bandeji imetolewa. Anaona! Philister ananiambia mama yake alimtazama yeye kwanza, muda mrefu, akamgusa mvi za kando ya sikio na kumuuliza zilianza lini. Walilia wote wawili. Nimeyasikia nikiwa chumbani, maana sasa ananiona na mila imerudi kazini. Na mimi nimelia kidogo, kwenye mto.

Ameandika maoni mapya, safari hii mwenyewe, kwa kidole chake: "Nyota nne. Picha ni safi. Msimulizi niliyepewa si mwaminifu, lakini anaona vizuri."

Jicho la kulia limepangiwa tarehe nne Desemba. Ni Alhamisi tena, na bandeji hukaa siku nzima. Nimeshaangalia ratiba ya mechi. Kesho napita Ngara kwa Ndungu kutafuta spika ndogo ya mchungaji. Kosa langu lilikuwa kumweka mchungaji kwenye simu; kwa spika, Mama hangegundua.