Kiti cha Sheryl Hakirudi

Lazarus Ondiek,
Sanduku la Posta, Kitengela.
14 Juni 2005

Kwa Meneja,
Kibebeo Viti vya Watoto,
Nairobi.

Ndugu Meneja,

KUH: BARUA YENU YA KUNITAKA NIRUDISHE KITI CHA GARI CHA MTOTO

Pokea salamu zangu na za mke wangu Jacinta, ingawa zake ni za baridi kidogo. Nimepata barua yenu inayosema kwamba kifungo cha mkanda wa kiti nilichonunua kwenu kinaweza kufunguka chenyewe, na kwamba nikirudishe nipewe kingine. Nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza mbele ya watu arobaini. Ninakataa, kwa heshima, na sababu ni hizi:

1. Siku niliyonunua kiti mlinipa kadi nijaze jina, anwani na tarehe. Bwana Meneja, hapa kwetu kadi ya namna hiyo ni ya bahati nasibu. Tumejaza za sabuni, za unga na za majani chai. Nikaijaza kwa herufi kubwa, nikangoja. Barua yenu ya rejista ilipofika sikuifungua. Nilimwambia Jacinta tumeshinda gari, nikaalika watu wa kanisa kwa maombi ya shukrani, na jirani yangu, mzee Gakuru, akatoa mbuzi. Bahasha ilifunguliwa baada ya wimbo wa pili. Gakuru alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Kwa hivyo, Ondiek, umeshinda kurudisha?" Tangu siku hiyo ananiita Mshindi, hata kwa bucha. Mbuzi naye hawezi kurudishwa. Tulishamla.

2. Gari langu ni la mwaka wa 1979. Mlango wa kushoto unashikwa na kamba ya katani, breki zinasikia zikiambiwa mara mbili, na wipa ni moja tu, upande wa abiria. Hakuna aliyewahi kuniandikia nilirudishe. Kati ya vitu vyote vilivyo ndani ya gari hilo, nyinyi mmechagua kilicho kipya.

3. Kama ni kurudisha vyenye kasoro, basi twende kwa utaratibu. Ianze barabara ya kutoka kwangu hadi lami. Afuate shemeji yangu Wakhungu, aliyekuja kututembelea kwa wiki mbili mwaka wa 2001. Kisha mimi mwenyewe: niko na miaka hamsini na miwili, na goti langu moja hujifungua lenyewe nikipanda ngazi. Jacinta husema angenirudisha kitambo, ila hajui anwani ya kiwanda.

4. Sheryl, kitinda mimba wetu, ana miaka minne. Alikuja wakati tulikuwa tumeshawagawia majirani nepi zote na kitanda cha mtoto, kwa hivyo tunamtunza kwa woga wa wazee. Tangu sheria ya mikanda ije mwaka jana, yeye ndiye polisi wa nyumba. Gari haliondoki mpaka kifungo chake kilie "ka". Hapo ndipo husema, "Baba, sasa enda." Mkichukua kiti, hatutaenda kanisani, wala shuleni, wala Namanga kwa shangazi yake Lorine. Na ukitaka ukweli, Bwana Meneja, hiyo "ka" ndiyo kitu cha pekee ninachokiamini ndani ya gari hilo.

Kwa hivyo ninaomba mfute barua yenu, mniandikie nyingine inayosema nimeshinda kitu, hata kama ni mwavuli, nimwonyeshe Gakuru.

Nisalimie karani aliyenipa kadi, askari wa lango, na yeyote anayepika chai hapo ofisini.

Wenu asiyerudisha,
Lazarus Ondiek
Karani wa mizani (na Mshindi)

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilimkalisha Sheryl kwenye kiti, gari likiwa limesimama uani, ili nihakikishe kwamba mmekosea. Kifungo kikalia "ka". Nikavuta mkanda kama barua yenu inavyoelekeza. Kikafunguka. Nilirudia mara tisa, kikafunguka mara sita. Sheryl akaniangalia, akasema, "Baba, usiende."

Kwa hivyo barua hii sikuitia posta. Nimekuja nayo kwa basi. Yule mzee aliyeketi kwenye benchi nje ya mlango wako, kiti cha mtoto mapajani, ni mimi. Tafadhali nipe hicho kingine, na unisamehe nambari moja hadi nne. Sheryl amekataa kushuka garini mpaka nirudi, na mama yake ameketi naye. Mwavuli si lazima.