Florent Atangulie Kupasuliwa

Jumatano, 22 Mei 1963. Albertville.
Daktari mgeni amesema. Disiki, kile kitu laini kati ya mifupa ya kiuno, imechomoka na kubana mshipa wa fahamu wa mguu wangu wa kushoto. Atanipasua Jumatatu. Wengi aliowapasua, maumivu ya mguu huisha upesi. Kuhusu mgongo wenyewe haahidi. Haahidi! Na mimi nimehesabu magunia bandarini miaka kumi na tisa; nataka hesabu isiyo na shaka.

Nimemkumbuka Florent wa karakana ya reli. Ugonjwa uleule, zamu yake yafuata yangu. Ni mpinzani wangu parokiani: kila mwaka tunagombea mti wa mbele wa kile kitambaa kinachobebwa juu ya Padri katika maandamano ya siku ya Sakramenti. Basi, atangulie. Akiinuka mzima, nitamfuata.

Alhamisi, 23 Mei.
Nimemwachia Florent zamu yangu. Kwa upendo wa Kikristo, nikamwambia. Alilia! Akanipa kikapu cha ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Niliona haya kidogo. Ndagala walikuwa watamu.

Mke wangu Godelieve alinivalisha kiatu, maana siinami tena. Akasema: «Papa Léon, ule mugongo haiko wa Papa Florent, njo wako.» Nikamjibu kwamba najua mgongo ni wangu, ila yeye haelewi mipango.

Jumapili, 9 Juni.
Florent katoka hospitali. Anatembea polepole, lakini wima kama mlingoti. Anasema mguu umenyamaza, ila kiuno bado kinamsumbua kila asubuhi. Sasa huko ni kupona au si kupona? Nimewaza siku nzima. Nilitaka jibu moja, nimepata mawili. Nitangoja kidogo. Tena amekatazwa kubeba chochote, kwa hiyo mti wa mbele ni wangu!

Alhamisi, 13 Juni. Sikukuu ya Sakramenti.
Aibu! Padri aliuliza kama nina nguvu. Nikasema tele. Karibu na soko mguu wa kushoto ulikataa kuinuka, ukajiburura, ukagonga jiwe. Kitambaa kikamfunika Padri mzima. Aliyenipa fimbo yake niegemee ni Florent. Hilo liliniuma kuliko jiwe.

Ijumaa, 14 Juni.
Daktari aliniambia niinue kidole gumba cha mguu. Nilikiamuru. Kikalala. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu jana. Godelieve akasema wiki mbili. Daktari akaeleza kwamba wapo wanaongoja wakapona bila kisu, lakini mguu unaoishiwa nguvu haufai kungojewa. Atanipasua Jumatatu. Maumivu huenda yakaisha. Nguvu ya mguu, hana hakika tena. Mwezi uliopita angekuwa nayo zaidi. Godelieve alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Niliogopa kweli. Nikamwahidi: Jumatatu, bila hila.

Jumatatu, 17 Juni.
Kwenye kitanda cha jirani yuko Kizito, wa kiwanda cha umeme cha Bendera. Kiuno kama changu, mguu kama wangu. Zamu yake ilikuwa Alhamisi. Alfajiri nikaomba uji, nikanywa bakuli zima mbele ya muuguzi. Mwenye uji tumboni hapewi dawa ya usingizi! Muuguzi alifoka sana. Wakamchukua Kizito mahali pangu.

Daktari anaondoka mwisho wa mwezi, nafasi ipo. Kizito akiinuka mzima, nitafuata. Godelieve yuko nje na rozari tangu asubuhi, akidhani aliye kwenye meza ya upasuaji ni mimi. Sijamwambia.