Vigelegele vya Mtu Mmoja

Ndugu zangu wa kundi hili la ukoo, leo nimeumbuka. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjatumiwa video na watu wengine. (Ipo. Niliona simu zimeinuliwa.)

Mnajua leo ilikuwa mahafali ya darasa la saba ya Nakiete wangu, kule shuleni kwao Mhezi. Mnajua kwa sababu niliwaalika humuhumu. Kaka akasema gari lake liko gereji huko Dar. Dada wa Arusha akasema magoti yake hayawezani na baridi ya milimani. Wengine mkaandika "tuko pamoja" na kuweka vile vikatuni vya makofi, nami kwa ujinga wangu nikadhani kila kikatuni ni mtu anayekuja.

Sasa kwa wale ambao hamjahudhuria mahafali siku hizi, mtoto hapewi tu cheti akaenda kukaa. Jina lake likitajwa, anasimama pale mbele peke yake na joho lake, halafu familia yake inainuka kutoka nyuma. Wanakuja wanacheza, na vitenge vyao vya sare, na keki, na mataji ya kung'aa ya kumvisha shingoni, na akina mama wanapiga vigelegele mpaka masikio yanauma. Hapo ndipo shule nzima inaona nani ana watu na nani hana.

Mama yake angekuwepo nisingewaza. Yule akipiga kigelegele kimoja, mtu wa mtaa wa pili anatoka nje kuangalia harusi ni ya nani. Lakini tulimzika mwaka juzi (mlikuja siku hiyo, sikatai, mlijaa). Tangu hapo mtoto yuko bweni, na mimi niko Same na duka langu la vipuri vya baiskeli. Likizo iliyopita Nakiete aliniuliza nitakuja mahafali na nani. Nikamjibu nitakuja na watu. Akaendelea kuosha vyombo, na nikajua hajaniamini.

Basi jana, mlipokwisha kutoa udhuru mmoja baada ya mwingine, nikapata akili. (Ndiyo, naiita akili.) Nilifunga duka mapema, nikabandika makande, nikafunga na madirisha ili majirani wasisikie. Halafu nikachukua simu nikajirekodi nikipiga vigelegele.

Cha kwanza kilitoka kama jogoo mgonjwa. Cha pili kikapanda kidogo. Nikaongeza na watu: nikawa shangazi mwenye sauti nyembamba anayesema hongera mwanangu, nikawa babu anayekohoa, nikawa mama mkubwa anayelia kwa furaha. Tunasemwa sana sisi Wapare kwamba hatupendi gharama. Mimi nimeita ukoo mzima bila kumtumia mtu nauli. Leo asubuhi nikasikiliza mwanzo wa rekodi, nikaona haya kwa sauti yangu mwenyewe, nikaizima. Nikasema inatosha.

Nikapanda gari la mlimani na keki yangu magotini. Kule juu ukungu ulikuwa haujaondoka, na maturubai yalikuwa yameshajaa. Kila familia imekaa kwa rangi yake, kijani kule, zambarau hapa. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu akaniuliza wenzangu wako wapi. Nikamwambia wako njiani. (Mnaona mnavyonifanya niseme uongo mbele ya watu wa kanisani?)

Nikamwendea fundi mitambo, mwanamume mmoja mpole mwenye koti zito, nikampa simu yangu. Nikamweleza kwamba likitajwa jina la Nakiete aweke muziki wake, na sambamba na muziki afungulie rekodi yangu. Akachomeka waya, akaitikia kwa kichwa. Hakuniuliza ni rekodi ya nini, Mungu ambariki.

Jina likatajwa. Muziki ukalia. Na spika zikatoa shangazi, babu na mama mkubwa wote kwa pamoja!

Jamani, ilifanya kazi. Watu wakageuka kuwatafuta hao akina mama waliko. Mshereheshaji akapaza sauti, "Naisikia familia ya Nakiete, leo wamekuja wengi!" Ndipo nikatokea mimi. Peke yangu, keki mkono mmoja, taji mkono wa pili, nacheza. Sikujali. Nilimwona mtoto wangu pale mbele ananyoosha shingo kuangalia nyuma yangu, anatafuta watu, na uso wake umeanza kufunguka. Kwa muda huo mfupi aliamini. Nikazidisha kucheza.

Nilipofika mbele, fundi akakata muziki ili tupigwe picha. Huo ndio utaratibu, familia ikifika muziki unakatwa. Lakini muziki aliokata ni wake. Wangu ukaendelea.

Kumbe jana sikuizima ile rekodi. Niliiweka simu mezani nikaendelea na maisha yangu, nayo ikaendelea kunisikiliza.

Kwanza spika zikatoa kiti kinavutwa. Halafu mimi, nafanya mazoezi ya kucheza: "Kushoto, kushoto, kulia. Hapana. Kulia." Watu wakaanza kucheka. Nikamwonyesha fundi kwa mkono uliobeba taji kwamba azime. Yeye akadhani naomba aongeze sauti. Akaongeza.

Na kwa sauti hiyo ya kufika mpaka Chome, mahafali yote yakanisikia nikisema:

"Mama Nakiete, kesho mtoto wako anamaliza. Hawaji. Wote wamesema hawaji. Sasa nimepiga vigelegele mwenyewe, usinicheke. Sijui kama ndivyo vinavyopigwa, wewe ndiye ulikuwa unaviweza." Halafu, "Ngoja, makande yanaungua."

Kicheko kilikuwa kimeshakwisha. Afadhali wangecheka. Mgeni rasmi akawa anaangalia viatu vyake. Mimi nimesimama na keki, siwezi hata kujifuta uso kwa sababu mikono imejaa. Nakiete akalichukua taji mkononi mwangu, akajivisha mwenyewe. Akageuka kwa mpiga picha, akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, simama vizuri." Tukapigwa picha. Hiyo msiniombe, siitumi.

Baadaye tulikaa nyuma ya madarasa, tunakula pilau ya shule. Wenzake walikuwa wanazungukwa na mashangazi, wanavutwa huku na huku wapigwe picha. Yeye alikuwa na mimi tu. Nikamwomba msamaha, nikamwambia nilitaka asionekane hana watu.

Akatafuna kwanza, akameza.

"Vigelegele vyako vibaya, baba."

"Najua."

"Lakini ile ya mwisho usiifute. Nikija likizo nataka kuisikiliza." Akachokonoa keki kidogo kwa kidole. "Huwa unaongea naye kila siku?"

Nikamjibu hapana, siku mojamoja tu. Nilimdanganya, na nadhani alijua, maana alinisogezea kipande chake cha nyama. Kengele ikalia, akarudi bweni na taji lake shingoni, maana bado wana mtihani wa mwisho. Nikateremka Same na nusu ya keki magotini. Hapa ninapoandika iko mezani na hakuna wa kuila.

Kwa hiyo msinicheke. Nimeshachekwa na wenye haki ya kunicheka, wale waliokuwepo. Mahafali ya kidato cha nne, Mungu akipenda, yapo miaka minne mbele, nawapa taarifa mapema ili magari yatoke gereji na magoti yapone. Na yeyote atakayejibu ujumbe huu kwa "tuko pamoja", namwondoa kwenye kundi.