Mchwa, Kipepeo na Jeneza la Bibi

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wa sayansi anataka tulinganishe wadudu wawili wasiofanana hata kidogo. Nimechagua kipepeo na mchwa. Kipepeo yumo chupani. Mchwa wamejaa ndoo, na udongo wao. Safari hii jirani yangu wa dawati, anayejiita Profesa, atanitambua!

Jumanne, 4 Juni
Kipepeo amekufa. Nimeandika: maisha mafupi.
Mchwa wanataka giza, na mimi nataka sanduku wasiloweza kulila. Nikafikiri kisomi. Jeneza la Bibi! Baba ni seremala. Alilitengeneza Bibi alipozidiwa, liko karakanani limefunikwa turubai. Bibi mwenyewe alidai mbao za mvule, maana mchwa hawaugusi. Alisema amelisha watu maisha yake yote, wadudu nao wasubiri zamu. Nimewamwaga humo.

Jumamosi, 8 Juni
Bibi hali tena, hata uji. Ameniuliza kama jeneza lake li salama. Nimemwambia halina neno. Akasema basi hana hofu, mjukuu wake hajui uongo. Akanishika mkono mpaka akasinzia. Mkono mwepesi kama jani kavu.
Profesa amepata nyuki na mbu. Wote hai!

Jumatano, 12 Juni
Bibi ametutoka alfajiri. Nimelia hadi kwikwi.
Baba na jirani mmoja wa mtaani wakaenda kulileta jeneza. Wakaliinua. Sakafu yake ikabaki chini, imekuwa unga! Kumbe mvule ulimwishia Baba, akapiga msonobari kwa chini, kwa kuwa hapaonekani. Akauliza kwa ukali nani kaweka mchwa. Nikasema ni mimi, kwa ajili ya sayansi. Shangazi akadakia, akamuuliza yeye naye nani kaweka msonobari. Waombolezaji walishajaa uani. Baba akang'oa chaga za kitanda changu, mvule mtupu, akazipigilia bila kuniangalia.

Alhamisi, 13 Juni
Tumemzika Bibi. Nimelala sakafuni. Godoro langu wamelalia wageni wa msiba, sikuliomba.

Jumatatu, 17 Juni
Profesa tisa kwa kumi. Mimi nne. Mwalimu anasema mchwa nimewaeleza vizuri, ila kipepeo nimemwonea, na jaribio moja halithibitishi kitu. Kweli kabisa! Baba amemaliza sanduku la nguo la mteja. Ameapa mbele ya Shangazi kwamba ni mvule kote, juu mpaka chini.
Hatimaye, sanduku la kuaminika. Kesho nakwenda kuchimba mchwa.