Kicheko Nyuma ya Nguzo

Jumatano, 9 Aprili
Siku tatu tu niolewe. Kila kitu kimenyooka. Hata mikunjo ya vitambaa vya meza nimeipima kwa rula. Tatizo ni Shangazi. Akicheka utadhani trekta bovu linawashwa. Na mimi, jamani, nimerithi kicheko hicho hicho! Miaka miwili mchumba wangu hajakisikia. Nacheka nimefumba mdomo, hm-hm, kistaarabu. Akikisikia ataniacha, sina shaka. Mpango: Shangazi atakaa nyuma ya nguzo ya ukumbi, asije akaniambukiza.

Alhamisi, 10 Aprili
Shangazi kauliza kwa nini kiti chake kiko nyuma ya nguzo. Nikasema pale pana upepo mzuri. Akauliza upepo gani huo unaotoka ukutani, kisha akacheka. Balaa! Nikakimbilia chooni kumalizia kicheko changu. Nilimwambia mchumba nimepaliwa. Akaniletea maji, amenyooka wima kama kawaida yake, hata kupumua hapumui. Mwanamume hana kasoro!

Ijumaa, 11 Aprili
Fundi cherehani anasema koti la bwana harusi linabana, eti alilegeze. Nimekataa katakata. Picha zangu je?

Jumamosi, 12 Aprili
Nimeolewa! Lakini sikia. Msajili alimwambia bwana harusi ainame asaini. Pu! Kifungo cha koti kikaruka, kikagonga miwani ya msajili. Nyuma ya nguzo, trekta likawaka. Nikajifinya, nikajiuma ulimi. Wapi! Kicheko kikanitoka chote, mdomoni na puani, mbele ya watu mia.

Nikasubiri bwana harusi anikimbie. Yeye akashusha pumzi ndefu, na tumbo likashuka nalo. Tumbo! Akasema miaka miwili analibana akihofia nitamwacha, na leo amechoka. Tukasaini huku tunacheka mpaka machozi.

Shangazi nimemtoa nyuma ya nguzo mwenyewe, nikamwomba radhi. Nilimwambia siyo yeye niliyemwonea aibu, ni mimi mwenyewe. Akasema alijua tangu siku ya upepo. Ah, nimepumua! Sikujua nilikuwa nimechoka kiasi hiki.

Jumapili, 13 Aprili
Mume wangu kaamka anacheka, tumbo nje. Raha iliyoje! Kuanzia leo hatuigizi tena, tutakuwa watu wa kawaida.

Ila kicheko chake kinachelewa kidogo kuanza, na tumbo limeelemea kushoto. Kesho saa moja asubuhi tunaanza mazoezi ya kuwa wa kawaida. Mwalimu ni Shangazi. Ratiba nimeibandika jikoni, mistari nimepiga kwa rula.