Picha za Sabin Tulizogawa Siku ya Arobaini

Kwa Baba Padri Virgil,

Baada ya salamu na heshima zote, mimi Veturia, mjane wa Sabin aliyekuwa tabibu wa ng'ombe, naleta malalamiko dhidi ya kijiji kizima, nawe ukiwemo, utaniwia radhi.

Unajua desturi yetu sisi Waorthodoksi. Siku ya arobaini tunagawa vitu vya marehemu, pamoja na mshumaa na mkate wa kusuka, na kila kinachopokelewa hapa yeye anakipata huko aliko. Kwa hiyo niligawa koti lake, buti, ndoo mpya, na zile picha za watu alizochora tangu astaafu. Kila mtu nilimpa ya kwake. Nakiri kwamba wote mna macho ya ndama. Marehemu alitazama ndama miaka thelathini na moja, mkono ulishazoea. Hata hivyo mlizipokea, mkasema "Mungu ampokelee", na sadaka ya marehemu haikataliwi. Sasa tazama mnachozifanyia.

1. Jirani yangu Lenuța amegeuza ya kwake paa la banda la sungura. Nilipomuuliza alinijibu, "Dada, si inawakinga na mvua? Sungura wenyewe hawajalalamika." Wameshatafuna kona moja. Maana yake Sabin naye huko ana picha iliyotafunwa, na hajui imetafunwa na nani.

2. Costache ya kwake amefunikia pipa la kabichi ya chumvi, uso ukitazama ndani. Sabin hakuwahi kuvumilia harufu ya kabichi.

3. Shemeji yangu Onu, ndugu wa Sabin wa tumbo moja, amechukua fremu akatia picha ya timu ya mpira. Ile aliyochorwa yeye anasema "ipo mahali". Naomba aulizwe ni mahali gani, na aulizwe mbele ya watu.

4. Wewe, Baba. Umeitundika nyuma ya mlango wa chumba cha mavazi ya ibada, imegeukia ukuta. Mkeo aliniambia, "Mama Veturia, ile pua itawachekesha wanakwaya." Pua ni yako, Baba. Sabin hakuongeza kitu.

Kwa hiyo naomba Jumapili utangaze kwamba kila picha itundikwe sebuleni, ielekee mlangoni, na baada ya wiki mbili nitapita kukagua nyumba kwa nyumba. Atakayekaidi asizikwe karibu na Sabin, na kama makaburini hakuna nafasi kwingine, basi aahirishe kufa. Sidhani kama naomba mengi. Mume wangu aliwachora miaka minane bila kumcheka hata mmoja wenu, nanyi mnamcheka. Hilo linaniuma, nalisema wazi.

Nisalimie Mama Padri, wanakwaya, mpiga kengele, na Costache pia ukimwona.

Wako mtiifu katika sala,
Veturia

N.B. Mkeo aliniuliza picha yangu mimi nimempa nani. Iko jikoni. Nimeifunga kwa karatasi mara tatu nimpe mtu, na mara tatu nimeifungua. Najua maana yake: Sabin huko ana sura zenu zote, yangu tu hana. Basi usitangaze chochote, Baba. Ila ukimwombea, mwambie asinikasirikie, yangu nitamletea mwenyewe.