Samaki wa Moshi na Mashuka ya Hoteli

Jumapili, 3 Machi

Nimerudi kutoka kwa Mhasibu. Tumbo limejaa, moyo unaungua.

Mhasibu ni mtu wa kwetu. Kila Jumapili sisi watu wa kwetu tunaoishi huku ugenini tunakusanyika sebuleni kwake kukisema chakula cha huku. Msemaji mkuu ni mimi. Huwa naanza na mkate wao mweusi, mgumu kama soli. Kisha viazi, vinavyopondwa hadi vinasahau vilikuwa nini. Namalizia na ile supu wanayoileta mezani ya baridi, kwa makusudi. Siku moja Fundi Viatu alifuta machozi.

Leo, katikati ya soli, Mhasibu akatoka jikoni na bakuli. Samaki wa kukaushwa kwa moshi, ndani ya mchuzi. Wa kwetu kabisa, alisema, shemeji yake kamfungia sandukuni. Hotuba yangu ikafia hapo. Mtu mwenye samaki mdomoni hasikilizi malalamiko. Nilikula vipande vingi, kwa hasira.

Njiani mke wangu akasema samaki alikuwa mtamu. Mke wangu anakula chochote, hata ile supu. Ni udhaifu wa tabia, ila sijamwambia.

Lakini Jumatano Mama anakuja kututembelea. Ngoja tuone.

Jumatatu, 4 Machi

Nimempigia Mama. Nimemwagiza samaki wa moshi, wengi. Unga. Pilipili ya kusaga. Nimemweleza kwamba Jumapili watu wote watakuja kwetu, naye atapika. Akauliza kama ni kweli huku kuna jibini yenye matundu, aliiona kwenye televisheni. Nikamwomba tusitoke kwenye mada.

Kisha nikawapigia watu wote kuwaalika. Mhasibu nimempigia mara mbili, nijihakikishie kwamba kasikia vizuri.

Jumatano, 6 Machi

Mama kafika salama. Nilipolivuta sanduku lake kubwa nikaingiwa na wasiwasi. Jepesi mno.

Tumelifungua nyumbani. Magauni mawili, sweta, dawa za presha. Kwingine kote hewa.

Nikauliza samaki yuko wapi. Mama akasema hawezi kusafiri na mzigo unaonuka halafu amkumbatie mkwe wake. Unga je? Mzito. Pilipili? Kaisahau mezani. Sanduku kaliacha tupu kwa sababu, kwa maelezo yake, mzigo ni wa kurudi nao.

Mke wangu akatenga chakula. Ile supu. Nikamtazama Mama kwa huruma, nikasubiri akunje uso. Akamaliza bakuli, akaomba aongezewe.

Sikulala vizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata njia.

Mimi nafanya kazi chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa, kwenye mabomba. Tuna mashine za kukaushia kubwa kama kabati la nguo. Taulo linaingia limelowa, linatoka kama biskuti. Sasa samaki wa kukaushwa ni nini, kama si samaki aliyekaushwa? Habari ya moshi tutaitafuta baadaye.

Asubuhi nimepitia dukani, nimenunua samaki wabichi. Nikawatia kwenye foronya, nikafunga mafundo. Msimamizi wetu alipopanda ghorofani kuhesabu mashuka, nikawasukuma ndani ya mashine pamoja na mataulo, ili wasigongegonge. Joto la mwisho.

Mashine ilivyokuwa inazunguka nilijisikia kama mtu aliyesoma sana.

Nyumbani nimemkuta Mama kwa jirani wa chini, bibi mmoja mwenyeji. Mama hajui neno la lugha ya huku, na bibi hajui neno la kwetu. Walikuwa wanacheka. Mama karudi na mkate mweusi, kaukumbatia kama mjukuu.

Jumamosi, 9 Machi

Siku mbaya.

Fundo moja lilifunguka. Samaki aligeuka unga, na ule unga ukaingia kwenye kila taulo, na taulo zikapanda ghorofani kabla sijajua. Mgeni mmoja aliulizia mapokezi kama hoteli iko karibu na bandari. Mwingine, baada ya kuoga, aliomba aoge tena, safari hii bila taulo.

Msimamizi ni mama mpole, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Alishuka akinusa. Akanusa kapu, akanusa meza ya kupigia pasi, akafika kwangu, akaninusa mimi. Nikamwambia ni sabuni mpya. Akafungua chujio la mashine, akatoa mkia. Akaushika kwa vidole viwili mbele ya uso wangu.

“Na huu,” akauliza, “ni wa sabuni gani?”

Nimepewa likizo ya lazima, isiyo na mshahara, mpaka harufu iishe. Nikirudia, akasema, nisirudi.

Nyumbani nimesema nimepewa mapumziko kwa kuchapa kazi. Mke wangu akasogea, akaninusa begani, akarudi kwenye sufuria yake. Bora angenigombeza.

Jumapili, 10 Machi

Nimemsihi Mama tangu asubuhi. Apike chochote, mradi kiwe cha kwetu. Akasema ameshika mwiko tangu akiwa mwali wa watu, na huku kaja kutembea. Halafu wakajifungia jikoni, yeye, mkwe wake na yule bibi wa chini.

Wageni wakaja wote. Mhasibu kavaa koti.

Nikasimama kuomba radhi. Nikawaeleza jinsi watu wa forodha walivyompokonya Mama samaki, na jinsi alivyolia. Watu wakaguna kwa uchungu. Mama, aliyekuwa anapita na sahani, akauliza nani kalia.

Ikaja mezani supu ya baridi. Viazi vya kupondwa. Mkate mweusi, na jibini yenye matundu. Nikasubiri ghasia.

Wakala. Fundi Viatu alifuta sahani kwa mkate hadi ikang'aa. Mhasibu alisema hiki ni chakula cha wagonjwa, huku kanyoosha sahani aongezewe kwa mara ya tatu.

Kisha Mama, kwa nia njema, akanigeukia mbele ya watu wote. Kama ni samaki tu ninayemtaka, akasema, mbona yupo? Bibi kampeleka kwenye duka nyuma ya kituo cha mabasi, wamejaa tele, wa moshi, wamefungwa kwenye karatasi ya njano.

Mhasibu akaacha kutafuna. Mke wa Fundi Viatu akasema taratibu kwamba karatasi ya njano aliiona Jumapili iliyopita, kwenye pipa la taka la Mhasibu. Mke wa Mhasibu akaanza kulikagua pazia letu.

Saa yangu ikawa imefika. Nikasimama tena. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa kuhusu watu waongo.

“Kaa chini, mwanangu,” Mama akasema. “Wewe samaki huyo ulimla lini? Si utotoni ulikuwa unampa paka?”

Watu wakacheka. Mhasibu akacheka kuliko wote. Mama hakucheka. Alikuwa anajifuta mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja.

“Kila siku mnamlilia samaki,” akasema. “Mimi niliyekuwa naukohoa ule moshi, mbona sijasikia mtu akinililia?”

Wanaume tulitazama sahani. Mke wangu aliingia jikoni, na tukamsikia anacheka peke yake, kicheko kirefu, kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Mama kachoka na safari. Ndiyo maelezo pekee.

Jumatatu, 11 Machi

Simu tangu asubuhi. Fundi Viatu alikwenda hadi lile duka. Alisimama dirishani, kawaona samaki, karudi. Sasa tukijua yupo pale nyuma ya kituo, akaniuliza, Jumapili tutaongea nini?

Swali zito. Nimelifikiria kwenye kiti hadi mchana. Kisha nikapata jibu: kuni. Kuni za huku si kuni za kwetu, kwa hiyo moshi si ule, kwa hiyo samaki si yule. Nikampigia Fundi Viatu, akashusha pumzi hadi simu ikavuma. Nikampigia hata Mhasibu. Akakubali mara moja, akasema hata yeye alipochovya kidole kwenye mchuzi wake aligundua kasoro. Tumepatana.

Jioni mke wangu kanunua samaki huyo huyo, kampika. Yeye na Mama wamekula hadi kulamba vidole. Mimi nilikaa chumba cha pili, kwa msimamo. Harufu ilipita chini ya mlango, ikafanana sana.

Lakini si yule.

Jumamosi, 16 Machi

Harufu bado iko hotelini, nimepiga simu kuuliza. Basi nimeamua kusafiri na Mama. Mke wangu anabaki kazini. Alinipakilia nguo haraka kuliko nilivyotarajia, huku anaimba.

Sanduku la Mama sasa tumelibeba watu wawili. Mikate, jibini, mitungi ya kabichi chachu ya bibi. Wameagana mlangoni wakilia kama mapacha. Mimi sina mzigo. Mimi nakwenda kula.

Jumatano, 20 Machi

Nyumbani. Hatimaye.

Shangazi aliamka alfajiri kuwasha moto kwa ajili yangu. Samaki wa moshi, mwenyewe, bila karatasi ya njano. Nilikula siku ya kwanza. Siku ya pili nikaona miiba ni mingi. Leo nimemwambia Shangazi, kwa upole tu, kwamba moshi umezidi kidogo, na kwamba kule kwetu samaki haachwi hadi awe mweusi hivi.

Shangazi akauliza kwetu wapi. Mama akainuka akatoka nje.

Jioni wanaume walikaa barazani, nikawasimulia. Supu ya baridi, jinsi inavyoteremka. Viazi laini, havikusumbui meno. Mkate wenye uzito wake, si huu wa hewa. Walitikisa vichwa, mmoja akaomba nirudie ya supu. Hapo hapo nikajisikia mwenye afya njema.

Tatizo ni mtu mmoja tu, jamaa anayeitwa Nahodha, aliyewahi kufanya kazi melini. Kasema supu hiyo kainywa bandari nyingi na ni ya kawaida. Watu wakaanza kumgeukia yeye. Nikajikuta nimetangaza kwamba Jumapili waje wote, nitawapikia yenyewe, waijue.

Friji ya Shangazi imekufa. Lakini binamu yangu ana duka la dawa, na jana nilichungulia friji yake. Kati ya chanjo na insulini kuna nafasi ya sufuria nzima. Binamu anafunga duka saa sita mchana kwenda kula, na ufunguo anauacha kwa Shangazi.

Supu ya baridi haina harufu. Hakuna atakayejua.